Prosesa Zilizopimwa Kabla ya Kuuzwa: Majibu ya Maswali Yenu

Nimeona prosesa zinazouzwa kama "zilizopimwa", kwa bei kubwa kuliko zilezile zilizomo kwenye boksi ambalo halijafunguliwa. Ninalipia nini hasa? (Msomaji wa Mombasa)

Prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu za kompyuta, hukatwa nyingi kutoka sahani moja ya silikoni, lakini hazitoki sawa. Ipo inayohitaji volteji ndogo kufikia kasi fulani, na ipo inayohitaji kubwa zaidi kwa kasi hiyohiyo. Kiwanda huzipanga madaraja, kama kahawa inavyochujwa na kupangwa kuwa AA au AB, kisha kila daraja huandikiwa kasi ambayo hata iliyo dhaifu humo ndani itaimudu. Kwa hiyo, ndani ya daraja moja hubaki nyingine zenye nguvu za akiba ambazo hazikuandikwa popote.

Muuzaji wa prosesa zilizopimwa hununua nyingi za aina moja, huikimbiza kila moja kupita kasi ya kiwandani, yaani huifanyia ovakloki, kisha hutenga zilizofaulu na kuziuza ghali zaidi. Mkononi mwake prosesa haikubadilika hata kidogo. Ulichonunua ni habari: mtu ametumia saa zake na umeme wake kukuhakikishia kwamba hii, na si jirani yake, ilifika kasi fulani katika mazingira fulani. Naomba maneno hayo mawili ya mwisho uyashike, maana nitayarudia.

Biashara hii ina umri gani? Kaka yangu anasema ilikuwepo tangu enzi za Pentium II. (Msomaji wa Arusha)

Kaka yako anasema kweli, na enzi hizo ndizo zilizokuwa na faida halisi. Mwezi Agosti 1998 kampuni ya Intel ilitoa Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu ya megahezi 300 (mapigo milioni 300 kwa sekunde), na siku hizohizo ikatoa Pentium II ya megahezi 450. Ya kwanza iliorodheshwa kwa dola 149 na ya pili kwa dola 669. Sasa tazama hesabu yake. Kizidishi cha Celeron ile kilifungwa kiwandani kwenye 4.5, nacho kilizidishwa na mapigo ya bodi mama (ubao mkuu wa kompyuta) ya megahezi 66, ndipo ikapatikana 300. Kwenye bodi mama zenye chipuseti (chipu zinazoiongoza bodi) ya Intel 440BX, mtu aliweza kupandisha mapigo hayo hadi 100, na 4.5 mara 100 ni 450. Kache yake, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa, ilikuwa ya kilobaiti 128 tu dhidi ya 512 za Pentium II, lakini ilikuwa ndani ya silikoni yenyewe na ilikwenda kwa kasi kamili ya prosesa, ilhali ile ya Pentium II ilikwenda kwa nusu ya kasi. Katika michezo mingi, tofauti kati ya hizo mbili ilikuwa ndogo sana.

Jambo moja dogo lilisaidia mno. Mapigo yakiwa 100, bodi huyagawa kwa tatu na kuzipa kadi za PCI (kadi za ziada zinazopachikwa kwenye bodi) megahezi 33 zilizozoeleka, kwa hiyo kadi na diski hazikusumbuka. Waliosimama njiani, kwenye 83, ndio waliojitafutia balaa, kwa sababu PCI ilipanda hadi kama 41 na data iliyomo kwenye diski ikawa hatarini. Mwenye bodi mama isiyomruhusu kuchagua mapigo alikata kipande chembamba cha utepe wa gundi, akakibandika juu ya mguso B21 pembeni mwa kadi ya prosesa, na bodi ikaamini kwamba imepachikwa prosesa ya mapigo 100. Utepe usiozidi upana wa mguso mmoja ulileta megahezi 150.

Hata hivyo, si kila 300A iliyokubali. Nyingine zilitaka volteji ipandishwe kutoka 2.0 hadi 2.2, na nyingine zilikwama kabla Windows haijamaliza kufunguka. Hapo ndipo baadhi ya wauzaji nchini Marekani walipoona riziki, wakawa wanazipima na kuuza zilizofika 450 kwa bei ya juu kidogo. Tusiwachanganye na matapeli wa miaka hiyo waliofuta maandishi ya prosesa ya kasi ndogo na kuandika kasi kubwa. Mmoja alikwambia wazi alichokifanya, mwingine alikuficha.

Je, kwa prosesa za leo bado inafaa kulipia zaidi? (Msomaji wa Kampala)

Kwa wengi wenu, hapana. Kampuni ya Kimarekani iliyojulikana zaidi kwa kazi hii, Silicon Lottery, ilianza 2014 na ikafunga milango 2021, na sababu iliyoitoa ndiyo ninayokupa: nafasi ya kuongeza kasi ilikuwa imebaki ndogo mno. Tangu 2008, Intel ilipoleta Turbo Boost kwenye Core i7, prosesa imejifunza kujiongeza kasi yenyewe kila joto na umeme vinaporuhusu, na mshindani wake AMD naye hufanya vivyo hivyo kwenye prosesa zake za Ryzen. Isitoshe, kiwanda sasa huchagua zile bora na kuziuza chenyewe. Core i9-13900KS ya 2023, inayofika gigahezi 6.0, ni mfano wake. Ile akiba iliyokuwa ikimwachia muuzaji mdogo riziki, kiwanda kimekwisha kuiandika kwenye boksi na kuitoza bei.

Kuna mtu ananiuzia prosesa iliyotumika, anasema "inafika 5.0 bila shida". Nimuulize nini? (Msomaji wa Dar es Salaam)

Muulize mazingira. Gigahezi 5.0 pasipo volteji ni sawa na bei ya nguo isiyotajwa mita. Inafika kwa volteji ngapi? Kwa viini vyote, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba, au kimoja tu? Ilipozwa kwa feni ya kawaida au kwa maji? Ilipimwa kwa programu gani, na kwa muda gani? Uliza pia kama kipimo kilitumia AVX, maagizo ya kukokotoa namba nyingi kwa mpigo, kwa kuwa hayo huifanyisha prosesa kazi nzito zaidi na kuipandisha joto. Wauzaji makini waliandika kabisa kasi itakayopunguzwa AVX inapofanya kazi. Prosesa inayopita jaribio lisilo na AVX yaweza kuanguka dakika chache baada ya kuanza kazi halisi ya kutengeneza video.

Nasema haya kwa uchungu, kwa maana niliwahi kununua prosesa ya namna hiyo. Muuzaji alinionyesha skrini ikisoma 5.0 na mchezo ukiendelea vizuri, nikaridhika. Nyumbani niliwasha Prime95, programu inayokokotoa namba kubwa na kulinganisha matokeo yake na yale yanayotakiwa, nikakaa kuitazama. Ilipofika dakika ya 11, kazi moja kati ya nane ilisimama kwa kosa la hesabu, na zile saba zikaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Kompyuta haikuzima wala kukwama. Kama nisingekuwa nimeketi hapo, ningeendelea kuitumia mashine inayokosea hesabu kimyakimya, na kuhifadhi makosa hayo kwenye mafaili yangu.

Ikiwa ni Core i9 au i7 ya kizazi cha 13 au cha 14, ongeza tahadhari. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi yake zilikuwa zikipewa volteji kubwa kupita kiasi na kuharibika taratibu, ikatoa marekebisho ya BIOS (programu ya msingi iliyomo kwenye bodi mama) na kuongeza waranti kwa miaka miwili. Marekebisho huzuia madhara mapya tu, kwani silikoni iliyokwisha kuchakaa haiponi. Ukitaka kuinunua, ipime kwanza kwa kasi yake ya kiwandani.

Nina kompyuta ya ofisini iliyotumika, niliipata Kariakoo, ina Core i5. Naweza kuikimbiza? (Msomaji wa Morogoro)

Angalia herufi iliyo mwisho wa jina la prosesa. Kwa Intel, zenye K ndizo zilizofunguliwa kizidishi, nazo hutaka bodi mama inayoruhusu, kwa kawaida ya chipuseti ya Z. Kompyuta za ofisini karibu zote hazina kimoja wala kingine. Nunua SSD (diski ya kasi isiyozunguka) na uongeze RAM (kumbukumbu ya kazi), utaona mabadiliko siku hiyohiyo. Kwa AMD, Ryzen nyingi za mezani zimefunguliwa, lakini bodi zenye chipuseti ya A320 au A520 hazikuruhusu, na Ryzen 7 5800X3D imefungwa kizidishi hata ukiipachika kwenye bodi nzuri.

Matokeo ninayoyasoma kutoka Ulaya siyapati hapa Tanga. Tatizo ni nini? (Msomaji wa Tanga)

Tatizo kubwa ni joto la chumba. Feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya hewa inayovuta. Aliyepima kwenye chumba cha nyuzi 22 na wewe uliye kwenye nyuzi 32 mnatofautiana nyuzi kama 10 kabla hamjagusa chochote, na prosesa yake iliyosoma 88 kwako itasoma karibu 98, ilhali nyingi hujipunguzia kasi zenyewe zinapokaribia 95 au 100.

Tena joto halipandi sambamba na kasi. Umeme unaotumika hufuata kasi ikizidishwa na volteji, kisha ikizidishwa tena na volteji hiyohiyo. Tuseme umetoka gigahezi 4.7 kwa volti 1.20 hadi 5.0 kwa volti 1.35. Kasi imeongezeka kwa asilimia 6, umeme umeongezeka kwa asilimia kama 35, na karibu wote unageuka joto ndani ya chumba hichohicho. Ndiyo maana kwa msomaji wa pwani nashauri kinyume chake: acha kasi ya kiwandani na punguza volteji. Kwenye Ryzen za kuanzia 5000 tumia Curve Optimizer, mpangilio wa BIOS unaopunguza volteji, anza na hasi 10 kwa viini vyote, pima saa kadhaa, kisha endelea hadi hasi 15. Prosesa ikipoa, itajipandisha yenyewe na kudumu juu kwa muda mrefu zaidi.

Fanya jaribio lako saa nane mchana, dirisha likiwa kama lilivyo siku zote, na kompyuta iwe kwenye UPS (betri ya akiba). Mpangilio uliofaulu usiku wa Julai usiuhesabu kuwa umepita hadi uupime tena Februari.