Jina la babu litakuwepo Ieper?

SWALI: Shikamoo mzee. Tunaishi Köln. Mwezi ujao baba anakuja kutoka Korogwe, ana miaka 74. Tumekodi kempa, gari la kulala ndani, tumpeleke Ieper, Ubelgiji, akaone kumbukumbu za Vita vya Kwanza. Babu yake alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza, hakurudi. Je, kempa itaingia mjini? Na jina la babu tutalipata?
Msomaji, Köln

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na gari, ndilo jepesi. Usikatize katikati ya Brussels, Antwerpen wala Gent. Miji hiyo huzuia magari ya moshi mwingi, na gari lenye namba za Ujerumani husajiliwa kwanza kwenye intaneti, hata kama ni jipya. Ieper haina sharti hilo. Ila usilaze kempa uwanja mkuu kama nilivyofanya mimi Ijumaa moja, kibao nimekiona sikukisoma. Alfajiri niligongewa dirisha na wauza jibini: Jumamosi pale ni soko! Tafuta kambi karibu na kuta za zamani za mji, mwage maji machafu huko, kisha tembeeni. Baba atapumzika njiani. Mji ni mdogo.

Jioni muwe Lango la Menin, tao la kumbukumbu ya waliopotea vitani, saa moja na nusu. Saa mbili kamili magari husimamishwa, wapiga tarumbeta wanasimama barabarani chini ya tao na kuwapigia waliokufa. Desturi hiyo ni ya tangu 1928. Wajerumani walipoukalia mji katika Vita vya Pili ilihamia Uingereza. Ikarudi jioni ileile ya Septemba 1944 Wapolandi walipoukomboa mji. Mwambie baba mapema kwamba watu hawapigi makofi. Wangu alipiga.

Sasa majina. Langoni yamechongwa zaidi ya 54,000, ya watu ambao miili yao haikupatikana au haikutambulika. Kuta zikajaa! Waingereza na Wanyuzilandi waliopotea baada ya katikati ya Agosti 1917, karibu 35,000, wakapelekwa kwenye ukuta wa makaburi ya Tyne Cot, karibu na Passendale. Mpelekeni huko asubuhi, kabla ya mabasi. Kuna makaburi karibu 12,000, na zaidi ya 8,000 hayana jina.

Babu yake hayupo hata pale, mwanangu. Ieper ni ya waliokufa Flanders. Yeye alibeba mizigo huku kwetu. Na hata huku, wapagazi walikufa kwa maelfu kwa maradhi na njaa, wengi wao bila kuwekewa jiwe lenye jina. Wamewekewa sanamu za pamoja Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Ile ya Dar, ya 1927, ni askari mwenye bunduki; mpagazi hayumo. Mpagazi yumo katika neno Kariakoo, jina la kikosi chao cha Carrier Corps lilivyotamkwa na watu wetu. Baba amenunua nguo pale miaka yote, sidhani kama kuna aliyemwambia.

Mwambieni haya mkiwa bado Köln, msingoje mpaka asimame langoni akitafuta herufi. Langoni watu huacha misalaba midogo na maua mekundu ya karatasi. Mpeni kalamu aandike jina la babu mwenyewe, aache hapo.