Mtoto Hali, Mama Halali: Majibu ya Barua Zenu

Binti yangu wa miaka 15 amerudi kutoka bweni amekonda. Posho (ugali) hagusi, matoke anayasukuma tu sahanini, anasema ameshiba. Majirani wananong'ona. Nimemkosea wapi? – Mama, Jinja

Hujamkosea, mama. Kujinyima chakula namna hii ni ugonjwa. Una mizizi mingi, pamoja na ile ya kurithi, na malezi yako siyo chanzo. Mpeleke wampime uzito, mapigo ya moyo, presha na damu. Kifua kikuu, kisukari na VVU navyo hukondesha, kwa hiyo vipimo vitawanyamazisha hata hao majirani. Muulize taratibu kama hedhi imekatika, kama anahisi baridi au kizunguzungu. Akizimia, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama amekaa siku nyingi bila kula cha maana, usimshindilie sahani kubwa kwa mara moja. Madini ya damu yanaweza kushuka ghafla na moyo ukapata shida. Daktari ndiye aseme mwanzie wapi.

Kila mlo ni vita. Mume wangu anamfokea mtoto wetu asiyetaka kula, mimi namwonea huruma namwacha. Nani yuko sahihi? – Mama, Kasese

Nawaelewa wote wawili, lakini ugonjwa unapita katikati yenu. Kubalianeni chumbani kwanza, mezani muwe na neno moja. Kuna matibabu yaliyoanzia hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980, ambayo huwakabidhi wazazi wenyewe usukani wa chakula hadi mtoto apate nguvu za kuushika. Mzazi anapakua, mzazi anakaa naye hadi sahani iishe: milo mitatu, na vitafunio viwili au vitatu katikati. Mchuzi wa karanga utakufaa sana, maana kijiko kimoja kina nguvu nyingi. Uzito wake na mwili wa binamu yake visitajwe kabisa. Mwambie, "Najua ni vigumu, mwanangu. Nipo. Chukua tonge jingine." Halafu nyamaza, ungoje.

Atakutukana, na itauma. Mwaka 1944 huko Minnesota, Marekani, vijana 36 wenye afya njema walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita. Wengi wao wakawa wakali, wenye huzuni, wakiwaza chakula mchana na usiku. Hasira unayoiona mezani, sehemu yake kubwa ni njaa.

Mwanangu wa kiume, miaka 17, anakula sana kisha anajifungia chooni kutapika. Wavulana nao? – Baba, Arua

Ndiyo, baba, na wao huchelewa kugunduliwa. Kutapika mara kwa mara hushusha potasiamu, na moyo unaweza kudunda ovyo. Apimwe damu wiki hii. Baada ya kula, kaa naye kama saa moja, mcheze ludo au mpige soga.

Mimi ndiye naanguka sasa. Nalia jikoni, na mama mkwe anasema namdekeza mtoto. – Mama, Bombo

Pole sana, mama. Huwezi kusimamia milo yote peke yako. Baba achukue chai ya asubuhi, ssenga wake, yaani shangazi, achukue Jumamosi. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili, na Butabika, hospitali ya afya ya akili iliyoko Kampala, ina wodi ya watoto na vijana; ukienda, eleza na hali yako mwenyewe, si ya mtoto tu. Mama mkwe mwombe kwa heshima aje akae mezani jioni moja, aone tonge moja linavyochukua dakika kumi. Jioni hiyo, wewe kalale.