Mama abaki, ila apewe kazi

Swali lenu la wiki hii: mtoto akifikishwa hospitali kwa dharura, mzazi abaki naye wakati anahudumiwa, au asubiri nje? Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto huku Tanga, na nasema abaki. Ila asiachwe kusimama tu ukutani.

Hoja ya wenzangu naijua: mama atapiga mayowe, atazimia, tuwe na wagonjwa wawili. Hutokea, sikatai. Lakini kelele ninazozijua zaidi ni za yule aliyetolewa, anayemsikia mwanawe analia nyuma ya mlango na hajui anafanywa nini.

Halafu tukimtoa mama tunatoa na habari zote. Mtoto wa degedege kaingia, wewe unahangaika na mshipa, daktari anauliza: homa ilianza lini? Kule zahanati walishamchoma diazepamu? Hilo si swali la kupitisha muda, maana dozi za dawa hiyo ya kutuliza degedege zikirudiwa pumzi inaweza kukata. Mwenye jibu yuko kwenye benchi, kajifunika kanga usoni.

Kazi ya kumpa ipo. Tumezoea kumlaza mtoto chali, watu wazima watatu wamkandamize, ndipo kanula, kile kimrija cha mshipani, iingie. Kama hali yake inaruhusu, mama yake ampakate kifua kwa kifua, miguu ya mtoto imzunguke kiunoni, mkono mmoja upite chini ya kwapa la mama utokee mgongoni kwake, nawe uufanyie kazi hukohuko. Mtoto haoni sindano, na mama kamshika barabara kuliko sisi. Anayenyonya apewe titi. Kwa sindano za chanjo Shirika la Afya Duniani lilishashauri hivyo mwaka 2015.

Najua mtaniuliza: na moyo ukisimama? Hapo ndipo pagumu. Ufaransa walilifanyia utafiti, ukachapishwa mwaka 2013: ndugu walioalikwa kushuhudia mgonjwa wao akifufuliwa nyumbani walikuwa na dalili chache za kiwewe miezi mitatu baadaye, na kazi ya waokoaji haikuvurugika. Wagonjwa wenyewe walikuwa watu wazima, lakini sioni mama atakuwa na haki ndogo kuliko mke. Sharti ni kwamba awepo mhudumu mmoja wa kusimama naye na kumweleza kinachofanyika. Usiku tukiwa wawili zamu nzima huyo mhudumu hayupo, na hapo, kusema kweli, nimewahi kuwaomba wazazi watoke. Hiyo ni shida ya ikama, yaani idadi ya watumishi, wakubwa waijibu wao. Isifanywe sheria ya wodi.

Kuhusu baba: huyo hata haulizwi, anatumwa dirisha la dawa moja kwa moja. Kama yupo na anataka kubaki, abaki. Mpeni kiti lakini, maana wanaodondoka kwetu mara nyingi ni wao.