EPIRB ya mtumba kwenye boti ya uvuvi: taa kuwaka haitoshi

SWALI: Nina boti ya faiba futi 32, tunatoka Shimoni kuvua jodari mpaka mkondo wa Pemba. Kuna jamaa ameniuzia EPIRB, kile kifaa cha kurusha ishara ya dharura baharini, iliyotolewa kwenye meli iliyokatwa chuma, nikibonyeza test taa inawaka vizuri tu. Naweza kuifunga niendelee na kazi? Nikizama watajua niko wapi?

JIBU: Nahodha, shukran kwa kuuliza kabla hujaifunga. Mahali ulipo watapajua, ila hawatajua kwamba ni wewe, na hapo ndipo watu wanapopotezewa muda.

Iko hivi. Ikiwashwa inarusha ujumbe kwenye masafa ya 406 MHz kila baada ya kama sekunde 50, setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa utafutaji na uokoaji, zinaudaka, na ndani ya huo ujumbe kuna namba yake pamoja na tarakimu tatu za nchi, Kenya ni 634, Tanzania 674 au 677. Sasa hiyo yako bado ina namba za ile meli, tuseme ilikuwa na bendera ya Panama. Taarifa itafika kituo cha uokoaji Mombasa sababu uko eneo lao, lakini wakiangalia usajili wanakuta meli ya mizigo, anapigiwa mwenye meli anasema aah hiyo tulishaiuza ikakatwa, basi inaonekana kama alarm ya uongo, na wewe saa hizo uko majini na vijana wako na kusi limechachamaa.

Usajili ukiwa sawa wanaona jina la boti, rangi, na namba ya simu ya mtu wako wa nyumbani, wanampigia anawaambia ndio wametoka jana usiku, wako watano. Kazi inaanza hapo hapo.

Kwa hiyo ipeleke kwa wakala wa kampuni iliyoitengeneza aipange upya kwa namba za chombo chako, fundi simu wa mtaani haiwezi hiyo, alafu uisajili kwa jina lako. Kama ni modeli ya zamani wakala akasema haihudumiwi tena, usiendelee kuitia pesa. Mimi kwa boti kama yako afadhali ununue mpya.

Na ile taa ya test isikudanganye. Inakwambia tu kwamba saketi inafanya kazi, haikwambii kama betri itafikisha masaa 48 yanayotakiwa. Angalia tarehe ya betri kwenye lebo. Kama ni ya kujifyatua yenyewe kuna kile kifaa cha presha ya maji kwenye breketi, kinaiachia EPIRB pale boti ikishazama kati ya mita 1.5 na 4, nacho kwa kawaida kinabadilishwa kila miaka 2, chako kimetoka kwenye meli ya kukatwa kwa hiyo hesabu kimekufa.

Kuna jambo naliona kwenye boti nyingi na linaniuma sana: ile kamba nyembamba ya EPIRB imefungwa kwenye reli ya boti ili isiibiwe. Boti ikizama inaenda nayo chini! Hiyo kamba ni ya kujifunga wewe au boya la kuokolea mkishakuwa majini. Pia usiifunge chini ya turubai au ndani ya kibanda, itajifyatua vizuri kisha inaswe humo humo chini ya paa. Iweke juu, penye uwazi, na kila kijana wako ajue kuiwasha kwa mkono, sio wewe peke yako.

Ikiwaka kwa bahati mbaya usiizime ukanyamaza, izime kisha wapigie kituo cha uokoaji au uwaite kwa redio ya VHF chaneli 16 uwaambie ni makosa, hakuna atakayekugombeza.

Ukiamua kuachana nayo usiitupe jalalani ikiwa na betri, ikimwagikiwa na mvua inaweza kuwaka na watu wakatoka na boti kutafuta mtu ambaye hayupo. Mpe wakala aitoe betri kwanza.