Maswali na Majibu: Baiskeli ya Umeme Unayoiunda Mwenyewe

Barua zilizofika mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: nifanyeje ili baiskeli yangu ikimbie zaidi. Hakuna iliyouliza namna ya kuisimamisha. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na ninachukulia kwamba anayesoma hapa anajua kuzidisha volti kwa ampea apate wati, na kwamba anayo multimita. Asiye nayo aanze kwa kuinunua, kabla hajanunua kitu kingine chochote.

Nina baiskeli ya Phoenix na alteneta ya gari ambayo daiodi zake zimeungua. Je, alteneta hiyo inaweza kuwa mota? (Msomaji, Morogoro)

Inaweza, na kwa anayetaka kuielewa mota ya fezi tatu kwa mikono yake ni shule nzuri, mradi ajue kwamba hatapata mota bora. Ondoa daiodi zote pamoja na kirekebisha volti, kisha toa nje nyaya tatu za koili zilizotulia. Hizo ndizo fezi zako, na kidhibiti cha mota isiyo na burashi huunganishwa hapo. Tofauti na mota ya kununua, rota ya alteneta (sehemu inayozunguka) haina sumaku za kudumu. Ina koili yake inayolishwa kupitia burashi mbili za kaboni, nayo huhitaji ampea tatu hadi tano za volti 12 muda wote. Hizo ni takriban wati 50 zinazopotea kwa joto hata ukiwa kwenye tambarare.

Hesabu inayowashinda wengi ni ya mizunguko. Gurudumu la inchi 28 lina mzingo wa karibu mita 2.2, kwa hiyo kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa linazunguka kama mara 190 kwa dakika. Alteneta ya volti 12 huanza kuchaji inapopita mizunguko elfu moja hivi kwa dakika, maana yake ni kwamba ukiilisha volti 36 itataka kuzunguka mara elfu tatu au zaidi. Unahitaji kupunguza mizunguko kwa uwiano wa kama 16 kwa 1, na mnyororo mmoja hauwezi kazi hiyo, kwa sababu utahitaji sproketi ya nyuma kubwa kama sinia. Tengeneza hatua mbili, nne kwa moja kisha nne kwa moja tena, zenye shafti ya kati iliyokaa kwenye beringi za kweli.

Alteneta pia haina sensa za Hall, zile zinazohisi sumaku, hivyo kidhibiti hakijui rota imekaa wapi wakati imesimama. Anza kwa kukanyaga pedeli, kisha ndipo uwashe mota. Na hili naliongeza ingawa hukuliuliza: usiweke swichi inayoweza kuzima umeme wa rota huku fezi zikiwa bado zinalishwa. Rota ikipoteza usumaku wake, mota haizalishi tena volti ya kuupinga umeme unaoingia, na ampea zinapanda ghafla hadi pale kidhibiti kitakapozikata au kitakapoungua.

Nikifunga dainamo kwenye gurudumu la mbele ili ichaji betri wakati ninatembea, si nitasafiri bila kuchaji kabisa? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Nimelijibu swali hili mara nyingi, na ninaomba kwamba anayetaka kuliuliza tena akae kwanza na karatasi na kalamu. Chukua mota nzuri inayogeuza asilimia 80 ya umeme kuwa mwendo, na dainamo nzuri inayogeuza asilimia 60 ya mwendo kuwa umeme. Kati ya wati 100 zinazotoka kwenye betri kwa ajili ya kuizungusha dainamo, 48 ndizo zinazorudi. Dainamo hiyo ni breki uliyoifunga ukaisahau.

Kurudisha umeme unapoteremka mlima ni jambo jingine, na ni la kweli, ila linawezekana tu kwa mota ya gurudumu isiyo na gia wala klachi ndani, na faida yake ni ndogo kwenye njia ya kawaida. Ukilitumia, usianze kuteremka betri ikiwa imejaa. Saketi ya ulinzi wa betri itakata mkondo unaoingia, umeme utakosa pa kwenda, volti itaruka, na transista za kidhibiti chako ndizo zitakazolipa.

Naweza kutumia mota ya waipa? (Msomaji, Tabora)

Hapana, imeundwa kusukuma fimbo mbili juu ya kioo, haikuundwa kubeba mtu.

Nimejiundia kidhibiti cha mota kwa Arduino na mosfeti sita za IRF3205 nilizozitoa kwenye inveta mbovu. Betri ni ya volti 48. Mosfeti zinaungua kila ninapowasha. Nitumie aina gani isiyoungua? (Msomaji, Mombasa)

Hakuna aina isiyoungua. Ipo iliyochaguliwa vibaya na ipo iliyoendeshwa vibaya, na wewe una zote mbili.

IRF3205 ni mosfeti, yaani transista ya kuwasha na kuzima mkondo, nayo inavumilia volti 55. Betri yako ya lithiamu ya seli 13, ikijaa, ina volti 54.6. Umejiachia chini ya nusu volti, wakati kila transista inapozima mkondo katika waya mrefu hutokea mruko wa volti nyingi zaidi ya hapo. Kwa betri ya volti 48 tafuta mosfeti ya volti 100. IRFB4110 ni mfano unaojulikana, na upinzani wake ikiwa imefunguka, yaani inapitisha umeme, hauzidi miliomu 4.5. Linganisha na IRF540N, ambayo nayo ni ya volti 100 lakini ina miliomu 44: kwa ampea 20, ya kwanza inapoteza chini ya wati mbili, ya pili karibu wati 18. Huo ndio upande ambao wauzaji hawakuelezi wanapokwambia kwamba zote ni sawa.

Kosa la pili ni kuipa geti, yaani mguu unaoiamuru mosfeti, volti tano moja kwa moja kutoka Arduino, ile bodi ndogo ya programu. Mosfeti za aina hii zinataka kama volti 10 ili zifunguke sawasawa, na zinataka zipewe kwa haraka. Zikifunguka nusu, zinakuwa kipingamizi, na kipingamizi kinachopitisha ampea 20 ni jiko. Weka saketi maalumu ya kuendesha geti kwa kila jozi, hasa kwa transista za juu, zile za upande wa chanya, ambazo geti zake lazima ziwe juu ya volti ya betri.

Jambo la tatu halimo kabisa katika maelezo yako, nami ninahofia kwamba hukulifikiria: kati ya kuzima transista ya juu na kuwasha ya chini ya fezi hiyohiyo lazima kuwe na muda mfupi ambao zote mbili zimezimwa. Zikiwaka pamoja hata kwa muda usiohesabika, umeifanyia betri shoti. Na usitegemee programu peke yake kwa ulinzi huo, kwa sababu programu inaweza kuganda na ikaziacha transista zikiwa zimewaka.

Kapasita kubwa ikae karibu kabisa na mosfeti, isikae mwisho wa waya wa nusu mita. Kipimo cha ampea kiwepo tangu siku ya kwanza, kwani mkondo wa mota iliyosimama unazuiwa na upinzani wa waya wake tu, na volti 48 kwenye upinzani wa omu 0.3 ni ampea 160.

Usijaribu kidhibiti kipya kwa betri ya lithiamu. Tumia betri ya volti 12 na upitishe umeme wake kwenye taa kubwa ya gari kabla haujafika kwenye kidhibiti. Kukiwa na shoti, taa itawaka na mosfeti zitapona. Nilipoteza mosfeti nyingi kabla sijajifunza desturi hiyo kutoka kwa fundi redio mzee, na tangu hapo sijawasha saketi mpya bila taa.

Je, fyuzi ya gari inatosha? (Msomaji, Iringa)

Soma maandishi yaliyo mgongoni mwake. Nyingi zimeandikwa volti 32, na kwenye betri ya volti 48 fyuzi hiyo inaweza kukatika huku cheche ikiendelea kuruka ndani yake na umeme ukipita. Tafuta fyuzi ya umeme wa moja kwa moja yenye volti inayozidi ile ya betri iliyojaa, uiweke karibu na nguzo ya betri.

Mota ya wati 250 itapanda milima ya Mbeya? (Msomaji, Mbeya)

Itapanda, lakini kwa mwendo wake. Mtu na baiskeli wenye jumla ya kilo 100, kwenye mwinuko wa mita 5 kwa kila mita 100, kwa kilomita 20 kwa saa, wanahitaji wati 270 za kupambana na mlima peke yake, kabla ya upepo na matairi. Kwa kilomita 12 kwa saa mlima unadai wati 163 tu, na miguu yako ipo kusaidia. Ukipakia gunia la mkaa na uzito ukafika kilo 200, zidisha kila kitu kwa mbili. Kwa milima ninapendekeza mota inayopitia mnyororo na gia za baiskeli, kwa sababu mota ya gurudumu inayolazimishwa kujikokota polepole hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto.

Nikipandisha betri kutoka volti 48 hadi 72 bila kubadilisha kidhibiti, nitafika kilomita 60 kwa saa? Baiskeli ni ile ya breki za vyuma. (Msomaji, Dar es Salaam)

Vidhibiti vingi vya volti 48 vina kapasita za volti 63, na betri ya seli 20 ikijaa ni volti 84. Kapasita zitapasuka kabla hujatoka uani.

Lakini hata kama zingestahimili, nisingekueleza namna ya kufanya hivyo. Nishati ambayo breki inapaswa kuimeza hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 25 hadi 60 kwa saa ni karibu mara sita. Breki za vyuma zinavuta raba mbili dhidi ya ringi ya chuma, na ringi hiyo ikilowa mvua unashika breki na baiskeli inaendelea na safari. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha msaada wa mota kwenye kilomita 25 kwa saa na wati 250, na wale wanazo barabara za baiskeli. Wewe unachangia barabara na malori. Badilisha breki kwanza, kisha uniandikie.

Mota ya gurudumu la mbele imejizungusha kwenye foku na kukata nyaya zake. Nikaze nati zaidi? (Msomaji, Arusha)

Nati haitoshi. Mota yenye nguvu ya kuzungusha ya nyutonimita 40 inaikaba ekseli yenye bapa za milimita 10 kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 400, na mzigo huo wote unabebwa na ncha za foku. Mwambie fundi wa kuchomelea akukatie mkono wa chuma wa unene wa milimita 6 hivi, wenye tundu linaloikumbatia ekseli bila kulegea, ufungwe kwenye mguu wa foku. Kama foku ni ya alumini, hamishia mota nyuma. Alumini haipindi kwanza ikakuonya, inakatika.

Nimekusanya seli za laptopu za zamani. Naweza kuunda betri? (Mwanafunzi, Kisumu)

Unaweza, kwa subira ambayo wanafunzi wengi hawana. Seli iliyokutwa chini ya volti 2 itupwe, hata kama inakubali chaji. Zilizobaki zijaze hadi volti 4.2, ziache wiki mbili, na uitoe kila iliyoshuka kuliko wenzake. Inayopata joto wakati wa kuchaji nayo itoke. Panga seli 13 kwa mfululizo na 4 kwa sambamba, jumla 52, uziunganishe kwa ukanda wa nikeli na mashine ya kuchomelea nukta, kwani joto la kulehemu kwa risasi huharibu seli. Ukihesabu ampea-saa 2 kwa seli utapata kama wati-saa 380, na kwa kuwa baiskeli hutumia takriban wati-saa 10 kwa kilomita, hizo ni kilomita 38 hivi. Seli za laptopu hazikuundwa kwa mikondo mikubwa, kwa hiyo weka kikomo cha kidhibiti kwenye ampea 8.

Saketi ya ulinzi wa seli si hiari. Chaja iwe ya lithiamu ya volti 54.6, na wale watatu waliouliza kuhusu chaja ya betri ya gari wasithubutu. Usichaji ukiwa umelala, wala kwenye njia ya kutokea nyumbani. Mjini New York peke yake, mwaka 2023, mioto ya betri za lithiamu iliua watu 18, na mingi ilitokana na baiskeli na skuta za umeme. Chaji nje, kivulini, juu ya sakafu ya saruji.

Nilipowasha baiskeli ilikimbia yenyewe kwa kasi yote hadi ukutani. Throto ni mbovu? (Msomaji, Bukavu)

Huenda throto, yaani mpini wa kuongezea mwendo, ni nzima na waya wake wa hasi ndio umekatika. Throto ya sensa ya Hall hutoa kama volti moja ikiwa imeachwa na karibu volti nne ikiwa imevutwa. Ikipoteza waya wa hasi, ishara hupanda hadi karibu volti tano, na kidhibiti kisicho na akili hudhani umevuta hadi mwisho. Kama kidhibiti ni cha kujiundia, kiagize kwamba chochote kilicho juu ya volti 4.5 au chini ya 0.5 ni hitilafu, na mota izimwe. Weka swichi kwenye mkono wa breki inayokata mota bila kupitia programu. Ukimaliza, inua gurudumu lenye mota litoke chini, washa, kisha ukate waya wa hasi wa throto kwa makusudi. Mota ikizunguka, rudi mezani.