Mkienda Ulaya na bibi, anzeni na choo

Watu wananiuliza sana ile safari ya Julai tuliiwezaje, watu sita, mama yangu miaka 71 na magoti yake, mdogo wangu, mimi na baba watoto, na watoto wawili wa miaka 14 na 7. Amsterdam, Paris, Roma, siku kumi na mbili. Mwanzo nilichomeka na Brussels na Venice humo humo, mdogo wangu akaniambia dada unatembeza watu au mabegi? Nikazitoa.

Viza ya Schengen, ile moja inayowaingiza nchi nyingi za Ulaya, mnaombea nchi mtakayolala siku nyingi, kwetu ikawa Ufaransa. Bima ni lazima, isipungue euro 30,000, na ya mama ilikuwa ghali kuliko zetu sababu ya umri, jipangeni mapema.

Sasa ambacho hakuna aliyenitonya ni choo. Mama ni mtu wa Tanga, maji kwake si mjadala, na Amsterdam kote tulikopita ni karatasi tu, siku ya kwanza kakaa humo dakika ishirini anatoka ananiuliza mwanangu, hawa wanaishije? Bebeni kopo, na chupa tupu ya nusu lita kwenye mkoba kwa ajili ya mizunguko. Tulipofika Roma akakuta kile kibeseni cha kujisafishia, bide, Waitaliano wana sheria tangu 1975 nyumba iwe nacho, basi akatangaza hawa ndo watu waliolelewa. Halafu wekeni sarafu mfukoni, vyoo vya stesheni vingi ni vya kulipia na mtoto wa miaka 7 hasubiri utafute chenji.

Paris msimpeleke mzee kwenye metro, treni za chini ya ardhi, kichwa kichwa. Ngazi zile jamani! Laini iliyo na lifti stesheni zote ni namba 14 tu, sisi tukahamia mabasi, polepole ndio lakini bibi anakaa dirishani anaona mji. Na mkikodi apatimenti ulizeni lifti kwa maandishi, mimi sikuuliza, tukapanda ghorofa ya nne na masanduku.

Julai jua la Amsterdam na Paris linazama karibu saa nne usiku, mama anasubiri Magharibi huku watoto wanasinzia mezani. Tukageuza ratiba, saa nane mchana mpaka kumi na moja wote kulala, ndo tunatoka tena, na kwa joto la Roma hiyo ilituokoa kweli.

Wilchea ya eapoti ombeni mkikata tiketi, ni bure. Mama alikataa kule Dar, mimi si mgonjwa, akakubali kwa kununa, tulipotua akasukumwa mbele na sisi nyuma yake tukaupita mstari mzima wa uhamiaji. Siku ya kurudi magoti yalikuwa mazima tangu asubuhi, kafika Fiumicino, eapoti ya Roma, kaona foleni, akaanza kuchechemea.