Jibu: Kupeleka filamu ya haki za wapenzi wa jinsia moja kwenye tamasha

Ndugu, umeuliza kama filamu ya hali halisi uliyoigharimia mwenyewe inaweza kupokelewa na tamasha kubwa. Inaweza: mwaka 2012 Call Me Kuchu, inayomhusu mwanaharakati wa Uganda David Kato, aliyeuawa Januari 2011, ilioneshwa kwenye tamasha la filamu la Berlin na kupata tuzo ya Teddy, inayotolewa kwa filamu zinazohusu wapenzi wa jinsia moja.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni usalama wa uliowarekodi, kwa maana aliyeridhia kamera miaka mitatu iliyopita huenda leo ana watoto wa kuwalinda. Warudie mmoja mmoja, waoneshe kazi iliyokamilika, na ufiche sura ya yeyote atakayeomba, kabla hujaituma popote. Kumbuka filamu ya I Am Samuel, inayomhusu Mkenya anayempenda mwanamume mwenzake: ilioneshwa ughaibuni mwaka 2020, na mwaka uliofuata ikapigwa marufuku Kenya.